Kabla Hujaripoti Monduli: Jiandae kwa Bweni, Si kwa Kwata Tu

Muulize kijana anayesubiri kuripoti chuo cha kijeshi Monduli amejiandaaje. Atakutajia mbio za alfajiri, pushapu, na buti alizonunua mapema ili miguu izizoee. Vyote vizuri. Ila kwata ina mkufunzi, ina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Bweni halina saa. Unatoka uwanjani hoi, unaingia kwenye chumba cha watu ambao juzi hukuwajua: mmoja anakoroma, mwingine anasaka soksi kwa tochi usiku wa manane, wa tatu kakalia kitanda chako na suruali ya vumbi. Vijana wenye pumzi ya kutosha kabisa hulegea hapo, si kwenye mbio.

Namwandikia hasa anayekwenda kuwa afisa mwanafunzi kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, TMA, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka Arusha mjini. Mengi yatamfaa pia anayeelekea Shule ya Polisi Moshi, au aliyepangiwa JKT Oljoro baada ya kidato cha sita. Ratiba na kanuni za chuo utazikuta hukohuko, na ndizo za kufuata. Mimi nasema yale ambayo barua ya wito haiyaandiki.

1. Maliza ya nyumbani kwanza

Kodi ya chumba, deni la dukani, mchango wa kikoba, pikipiki uliyoikopesha: yote yapate mtu wa kuyasimamia kabla hujaondoka. Ukiwa ndani huwezi kuchomoka Jumanne mchana kwenda kusuluhisha ugomvi na mwenye nyumba.

Kaa na mama umweleze wazi kwamba wiki za mwanzo simu yako inaweza isipatikane, na kwamba ukimya huo hauna maana ya ugonjwa wala kifo. Mteue mtu mmoja, dada au kaka mkubwa, awe ndiye wa kupokea na kusambaza habari zako. Namba za watu watano au sita ziandike kwenye daftari kwa kalamu, maana siku hizi hata namba ya baba mzazi watu hawaijui kichwani. Vyeti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vitolewe nakala, seti moja ibaki nyumbani.

Na kama kuna mtu anadai ela ya "kukusukumia" nafasi, huyo ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi, na JWTZ limelisema hilo hadharani mara nyingi tu. Usimpe hata nauli.

2. Fungasha kwa ajili ya baridi

Watu wa Dar, Tanga na Mtwara huja na fulana nyepesi na imani kubwa. Arusha mjini pako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Monduli iko chini ya milima yake, inapanda zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti utaamkia ukungu na manyunyu, na maji ya ndoo yatakuuma mpaka kwenye mifupa. Mvua zikikatika linakuja vumbi, linaingia kwenye soksi, kwenye mto, kwenye meno.

Vitu ambavyo barua imevitaja, nunua hivyohivyo, rangi ileile, idadi ileile. Usijitie ujuaji. Nyongeza ni ndogo: fulana mbili nzito za kulalia, soksi za pamba ambazo hazijachoka, na kofia ya kuvaa usingizini kama utaruhusiwa. Mitumba ya soko la Kilombero pale Arusha inakutosha, na ukitokea upande wa Moshi pita soko la Memorial, utapata kwa bei ya kupatana.

Trunka ipime kabla ya kulipa: iingie chini ya kitanda, mfuniko ufunguke wote, na bawaba zisiwe za kuchezacheza. Kufuli liwe zuri kuliko trunka yenyewe. Ufunguo uvae shingoni kwa kamba ya kiatu, wa akiba ushonee ndani ya mfuko wa suruali usiyoivaa kila siku. Halafu vitu vidogo ambavyo kila mtu husahau na kila mtu huviazima: sindano na uzi wa rangi ya sare, vifungo vya akiba, pini za kuanikia, brashi mbili za viatu (moja ya kupaka, moja ya kung'arishia), sabuni ya mche, kandambili, wembe wa kutosha, tochi ndogo. Kila nguo itie alama kwa uzi sehemu ya ndani. Wino hufutika kwa kufua. Kwenye kamba moja yenye fulana thelathini za kijani, alama hiyo ndiyo itakayokurudishia yako.

Manukato, viatu vya mtoko na simu ya pili viache.

3. Siku ya kwanza, tafuta majirani zako wanne

Wa juu yako au wa chini yako, wa kushoto, wa kulia, na wa kitanda kinachotazamana na chako. Kabla hujapanga trunka, wajue majina, walikotoka, na nani kati yao ana usingizi mzito. Sababu si adabu tu. Jeshini bweni huhesabiwa kama mtu mmoja. Kitanda kimoja kikikutwa hovyo, wote mnaruka kichurachura. Mmoja akichelewa kujipanga, wote mnasubiri kwenye baridi, na mkufunzi anahakikisha mnajua mnamsubiri nani. Kijana aliyezoea kushindana darasani huona huu ni uonevu: mimi niko tayari, yeye hayuko tayari, kwa nini niadhibiwe? Ukilibeba hilo swali kwa wiki tatu utaumia bure. Kumaliza mapema bwenini hakuna faida yoyote kama jirani yako bado anahangaika na kona ya shuka. Ukimaliza, mshike mkono.

Waliopitia JKT wanaingia na hatua moja mbele, kwa sababu walishayaona haya kwenye hanga, yaani bweni la kambini. Kaa karibu na mmoja wao, lakini usimfanye afande wako. Naye ni mwanafunzi kama wewe.

Vitanda vya dabodeka vina sheria zake zisizoandikwa. Wa juu hapandi na buti, wala hakanyagi godoro la mwenzake, anakanyaga chuma. Wa chini hatikisi kitanda usiku kwa kugeukageuka ovyo, na haaniki taulo bichi kwenye ukingo wa mwenzake. Nani alale juu? Mara nyingi hutaulizwa. Ukiulizwa, mwenye kuamka usiku kwenda haja alale chini.

4. Jifunze kutandika kabla hujafika

Hili lifanyie mazoezi nyumbani, kwa saa, mpaka mikono ijue yenyewe. Godoro lolote litafaa.

Ondoa kila kitu, kung'uta. Tandaza shuka la chini, mstari wake wa katikati ukae katikati ya godoro. Anza miguuni: chomeka mwisho wote wa shuka chini ya godoro. Sasa nenda ubavuni, shika ukingo wa shuka kiasi cha sentimita 40 kutoka kwenye kona, unyanyue na kuulaza juu ya godoro. Utapata pembetatu. Kinachoning'inia chini kichomeke ndani kwanza. Kisha shusha ile pembetatu, ibane kwa kiganja kwenye kona, na uichomeke nayo. Kona itatoka na mkunjo mmoja ulionyooka kama wa bahasha. Rudia upande wa pili ukiwa unavuta. Usijaribu kunyoosha shuka kwa kulipapasa juu, hapo unahamisha mikunjo tu. Livute kutoka chini ya godoro.

Shuka la juu na blanketi hufuata njia hiyohiyo kwa pamoja. Sehemu ya kichwani kunja shuka juu ya blanketi kwa upana ambao bweni lenu limekubaliana au limeamriwa, na hapo chukueni kipimo kimoja, iwe kiganja au kijiti, ili vitanda vyote vifanane. Mto ukae mdomo wa foronya ukitazama mbali na mlango.

Siri yenyewe ni kutandika wawili wawili. Mmoja kila upande, kitanda chako kisha changu. Inakwenda haraka kuliko kila mtu kuzunguka cha kwake peke yake, na kinatoka kimekaza zaidi.

Kuna wajanja hutandika usiku na kulala juu ya blanketi ili asubuhi wasisumbuke. Julai ya Monduli? Utakohoa mpaka gwaride la kuhitimu.

5. Asubuhi imalizie usiku

Kipenga kikilia huna muda wa kufikiri. Kila uamuzi unaoweza kufanywa usiku, ufanye usiku. Ndevu nyoa kabla ya kulala. Nguo za kesho zikunje kwa mpangilio wa kuvaa, ya kwanza kuvaliwa ikae juu. Mkanda upitishe kabisa kwenye suruali. Buti zikae mahali palepale kila siku, kamba zimelegezwa na ndimi zimetolewa nje, ili miguu iingie gizani bila kutafuta. Mswaki wenye dawa tayari, ndani ya kikombe. Ndoo ya maji ijae na ifunikwe, maana saa ambayo watu wote wanataka maji ndiyo saa ambayo bomba huamua kupiga miayo.

Choo nacho kina foleni. Anayeamka dakika kumi kabla ya kipenga, kimyakimya, bila kuwasha tochi usoni mwa watu, anamaliza shida zake wakati wengine wanagombea mlango.

Baada ya taa kuzimwa, lala. Najua ndio wakati stori tamu zinapoanza, za mpira, za mtaani, za mabinti. Wape stori moja halafu geukia ukutani. Usingizi wa kambi ni mchache na haurudishwi. Anayekoroma mgeuze alale ubavu, asubuhi usimtangaze. Pamba masikioni inasaidia, mradi jirani ajue ana kazi ya kukuamsha.

Wanaosoma Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, ambayo TMA inaiendesha kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, wasitegemee kusomea bwenini. Somea darasani mpaka mwisho wa kipindi cha kujisomea, uje bwenini kwa usafi na kulala. Kitabu kitandani saa tatu usiku baada ya siku ya mbio hakimalizi ukurasa.

6. Buti na miguu

Vumbi litoe kwanza, na kitambaa chenye unyevu, hasa kwenye mshono wa soli. Kiwi kidogo, kwa duara ndogondogo, acha kikauke, piga brashi. Kwa ncha na kisigino, funga kitambaa laini cha pamba kwenye vidole viwili, dondoshea tone la maji, gusa kiwi, zungusha polepole mpaka ukungu upotee. Rudia. Tabaka nyembamba tano hung'aa kuliko moja nene, na ile nene hupasuka siku ya kwanza ya kwata.

Miguu yenyewe ni muhimu kuliko mng'aro. Soksi kavu kila siku, kucha zikatwe zikiwa zimenyooka, vidole vikaushwe katikati baada ya kuoga, kandambili zivaliwe bafuni bila kukosa kwa sababu ya fangasi. Lengelenge dogo usilipasue, lifunike. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika, na liangaliwe zahanati likianza kuwa jekundu na moto pembeni.

7. Kuishi na watu

Kuazima ndiko kunakovunja mabweni mengi. Omba kwa mdomo, rudisha siku hiyohiyo, na usimwombe tena mtu aliyekuazima jana na hukumrudishia. Wembe, mswaki na taulo havikopeshwi. Kitu kikipotea, usianze kwa kumtaja mtu. Tafuta kwenye kamba, uliza majirani, kisha mweleze kiongozi wa bweni. Kumwita mwenzako mwizi mbele ya bweni zima ni jambo ambalo hata likithibitika uongo haliondoki.

Utani, ruksa. Mpare na Mchaga wakiwekwa vitanda vya jirani, bweni halina haja ya redio. Lakini utani una watani wake. Wengine hawakukulia kwenye mila hiyo, na Monduli hupokea pia maafisa wanafunzi kutoka nchi rafiki ambao hawawezi kujua kwamba kumtukana mtu ubahili ni upendo. Mtu akikaa kimya mara mbili, mwache. Ulemavu, mzazi aliyefariki na dini havichezewi.

Anayeamka kuswali alfajiri na anayesoma Biblia kabla ya kulala wote wapewe nafasi. Wanaopanga hilo wiki ya kwanza, kwa maneno matatu tu, hawagombani baadaye.

Mabinti wana mabweni yao na mengi niliyosema ni yaleyale. Nyongeza yangu ni moja: taulo za kike beba za miezi kadhaa, na usione haya kumwomba mwenzako au mkufunzi wa kike unapoishiwa. Mwili ukiwa kwenye mazoezi makali hedhi inaweza kubadilika au kusimama. Likitokea, nenda zahanati, usikae nalo kimya.

8. Kufokewa, kuadhibiwa, na mahali pa kusema hapana

Utafokewa. Utaitwa majina. Jibu "Ndiyo afande", fanya ulichoambiwa, na usilipeleke kitandani. Mkufunzi aliyekufokea saa moja asubuhi huenda saa nne hakumbuki jina lako. Usijieleze isipokuwa umeulizwa, na ukiulizwa, sentensi moja inatosha: nimechelewa, kosa ni langu, basi. Wenye hadithi ndefu huongezewa mizunguko.

Ila doso, yaani adhabu za mafunzo, ni kitu kimoja, na unyanyasaji ni kingine. Mtu anayekudai pesa, anayekutaka kimapenzi kwa kutumia cheo, anayekupiga mpaka kukujeruhi, huyo hakufundishi. Taarifa hupanda ngazi: kiongozi wa bweni, sajini, afisa wa platuni, mpaka juu. Kama tatizo ni mmoja wa hao, mruke umwendee anayefuata. Andika tarehe, saa na mahali mara tu linapotokea.

9. Mwili usidanganywe

Kwa waliotoka pwani: kwa kimo cha Arusha na Monduli hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuhema sana wiki ya kwanza na ya pili si udhaifu. Kunywa maji hata kama baridi inakuondolea kiu. Kula kila unachopewa mesi, kula haraka, na usiache ugali kwa sababu eti leo huna hamu. Saa kumi jioni utauhitaji.

Ugonjwa unaripotiwa asubuhi, kabla ya mazoezi. Homa usiifiche, hasa ukitoka mkoa wenye malaria nyingi. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila ukikimbia, huenda ni ufa, sema. Na hili ulikariri: ukipata maumivu makali ya misuli baada ya zoezi zito na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, nenda zahanati saa hiyohiyo. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Ukimwona jirani yako anayumba, anaongea ovyo, ngozi ya moto, mwite mkufunzi kwa sauti, mweke kivulini, mmwagieni maji.

10. Wiki mbaya na ruhusa ya kwanza

Kuna wiki, kwa wengi ni ya tatu au ya nne, ambayo ugeni umekwisha na mazoea hayajaja. Kila kitu kinaudhi. Hapo usiamue lolote la kuacha au kubaki ukiwa na njaa au usingizi. Zungumza na jirani mmoja, andika barua nyumbani, na ujue mahali ulipo: Monduli si uwanja wa kwata tu. Kule Monduli Juu amezikwa Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili 12, 1984. Jakaya Kikwete, kabla ya kuwa Rais, alifundisha siasa jeshini hapohapo Monduli katikati ya miaka hiyo ya 1980. Mnaotandika vitanda leo ndio mtakaovishwa nyota ya Luteni Usu mbele ya Amiri Jeshi Mkuu, pamoja na yule anayekoroma.

Ruhusa ya kwanza ikija, ondoka na sare safi au nguo ulizoruhusiwa, kibali mfukoni, na saa ya kurudi uihesabu kuanzia getini, si kuanzia stendi ya Arusha. Magari ya kupanda Monduli hupungua jioni inapoingia, na ukiachwa pale barabara inapochepuka kutoka ile ya Makuyuni, utatembea. Panga kuwa umefika saa mbili kabla. Usirudi na vyakula vya karamu, vitakwama getini. Rudi na kiwi, sindano, vifungo na dawa ya fangasi, pakti mbilimbili, kwa sababu wa kitanda cha chini vyake vilikwisha tangu wiki iliyopita na anaona haya kuomba tena.